Thamani ya Kilichomo

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza ileile ya jikoni, ambayo siku hizi ina nafasi kubwa kuliko ninavyopenda. Natumaini wewe, mkwe wangu na mjukuu wangu hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimepoa. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi, lakini macho bado yanasoma maandishi madogo na chakula kinapita. Kwa upande wa mwili, basi, usiwe na wasiwasi.

Jumapili ulinipigia simu ukaniuliza swali moja, nami nikanyamaza mpaka ukadhani mtandao umekatika. Uliniuliza kama dada yako alikufa akiwa amekusamehe. Nikasema nitakujibu kwa barua, nawe ukacheka kidogo ukasema mwalimu hawezi kujibu swali bila karatasi. Ni kweli, lakini haikuwa hiyo tu. Jibu lenyewe lina sehemu mbili, na ukisikia moja bila nyingine utaumia bure. Simu haina subira ya sehemu mbili. Kwa hiyo nivumilie. Nitaanzia mbali kama kawaida yangu, lakini nitafika.

Siku tulipomzika mama yako hukuja. Mimi nilielewa. Karatasi zako za kuishi huko zilikuwa bado ofisini kwao, na ungetoka huko usingeruhusiwa kurudi. Dada yako naye alielewa, ila alielewa baadaye. Alikuwa amemlisha mama kwa kijiko karibu mwaka mzima, na jioni ile hakuwa na nafasi moyoni ya kuelewa mambo ya ofisi za watu. Alikupigia akakuambia usiiite tena nyumba hii kwenu, na kwamba mwenye ndugu kama wewe ni sawa na asiye naye. Ukakata simu. Tangu hapo mkawa mnasalimiana kupitia kwangu, kama nchi mbili zilizofunga balozi zao. Kila nilipoanza kukueleza habari zake uliniuliza kama mvua imenyesha. Kwa sababu hiyo kuna mengi hukuyajua, nami sasa nitayasema kwa utaratibu.

Kiwanda cha vigae alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa. Alichoondoka nacho ni ujuzi wa udongo na tanuri dogo la mitumba, ambalo vijana wanne walilipandisha ngazi wakilitukana kila hatua. Akaliweka kwenye chumba chako cha zamani. Akaanza kufinyanga bakuli, vikombe na mabirika ya chai, akayapiga picha dirishani penye mwanga mzuri, na akafungua duka mtandaoni. Duka hilo alilipa jina la Udongo na Moto. Nilimwambia jina hilo linafaa zaidi kitabu cha jiografia. Akasema ndiyo maana mimi sina duka.

Watu hudhani kuuza mtandaoni ni kazi ya kidole. Kidole ni mwanzo tu, mtihani ni kukifikisha kitu kizima. Mteja wake wa kwanza wa ng'ambo aliagiza birika. Dada yako alilizungushia magazeti, akaliweka kwenye boksi lililolibana vizuri, akaandika kwa kalamu nyekundu pande zote kwamba ndani kuna kitu cha kuvunjika, akaamini kwamba watu husoma. Baada ya majuma kadhaa ikaja picha. Mdomo wa birika umelala peke yake, kifuniko kimekuwa unga. Mteja alikuwa mpole sana, na upole wake ndio uliomliza. Akaketi hapa ninapoketi mimi akasema bahari imemshinda. Nikamwambia bahari haina kosa, kosa ni la fizikia, na fizikia ni somo langu.

Nikamweleza nilichowaeleza wanafunzi miaka yote. Kitu hakivunjiki kwa sababu kimeanguka, kinavunjika kwa sababu kimesimama ghafla. Huko njiani kifurushi kitaanguka tu. Kitarushwa kwenye gari, kitabebeshwa vizito mgongoni, kitateleza kwenye mikanda ya mashine. Huwezi kuzuia hilo. Unachoweza ni kukifanya kisimame polepole, na hiyo ndiyo kazi ya boksi. Dada yako akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mhadhara huu una mazoezi ya vitendo au ni nadharia tupu. Ndivyo nilivyoajiriwa. Cheo changu kilikuwa Mkuu wa Idara ya Ufungaji, mshahara chai na maneno.

Nikueleze kidogo namna tulivyofanya, maana sina tena wa kumweleza. Kifuniko hakisafiri juu ya birika, kinavikwa peke yake. Tumbo la birika linajazwa karatasi laini. Mdomo unavishwa sponji, kwa kuwa ndio unaotangulia kuumia. Kisha plastiki ile ya mapovu, kisha boksi dogo, na boksi dogo linaingia ndani ya boksi kubwa, huku umeacha upana wa vidole vinne kila upande, juu na chini pia, ukaujaza karatasi zilizokunjwakunjwa. Halafu unalitikisa karibu na sikio. Likisema neno lolote, unafungua na kuanza upya. Mimi niliongeza somo langu. Kabla ya kutuma umbo jipya, tulifunga moja la majaribio nikaliangusha kutoka juu ya kabati, kisha nikalisukuma ngazini. Jirani wa chini alipanda kuuliza kama tunahama au tunapigana. Dada yako akamwambia asijali, baba yuko kwenye utafiti. Tangu hapo jirani akawa ananisalimia kwa jina la Profesa, na sijui kama ni heshima.

Vyombo vyake havikuvunjika tena. Nakuambia hili kwa fahari, na nitakuomba ulikumbuke.

Sasa nije kwenye fomu ya forodha. Kila kifurushi kinachovuka mpaka lazima kibandikwe fomu hiyo. Inauliza mtumaji ni nani, kilichomo ni nini, ni bidhaa au ni zawadi, na thamani yake. Watu wa ushuru kule kinakokwenda huisoma, wakaamua mpokeaji alipe kitu au asilipe. Wateja wengi walimwomba dada yako aandike kwamba ni zawadi, au ashushe bei, ili wasitozwe. Aliwakatalia wote. Sababu moja ilikuwa ya kibiashara. Mzigo ukipotea, posta hulipa kile ulichoandika na si zaidi. Lakini nadhani hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Mimi aliniambia kwamba kitu alichokikalia wiki nzima hawezi kukiandika kwa bei ya kipande cha sabuni. Karani wa posta, tuliyembatiza Bwana Mizani kwa sababu hupima kila kitu mara mbili na uso wake ukiwa umekunjwa, alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye mkweli wa mwisho aliyebaki mjini na kwamba ukweli huo utamgharimu. Tulicheka pale dirishani. Sasa nikipita pale siangalii upande huo.

Kwa hiyo fahamu kwamba mkono wake ulikuwa umezoea. Jina la mtumaji, Udongo na Moto. Aina, bidhaa. Thamani, bei kamili. Alijaza fomu hizo huku akiongea mambo mengine, kama wewe unavyofunga kamba za viatu.

Ulipotuma picha ya mtoto mchanga niliichapisha nikaibandika kwenye friji. Dada yako aliitazama huku maziwa yakichemka, yakafurika, yakazima moto, bado anaitazama. Wiki ile akaanza kufunga mlango wa chumba cha tanuri. Niliona tu yale aliyoyatupa, na yalikuwa mabirika ya ajabu. Mpini wake haukuwa nyuma, ulichomoza ubavuni kama wa sufuria ndogo. Mabirika ya namna hiyo aliwahi kuyatengeneza, lakini haya mpini ulikuwa kwenye ubavu usiofaa. Ukilishika kwa mkono wa kulia, chai inakwenda kwenye nguo zako. Nikamshauri. Akanishukuru sana kwa ushauri, akaendelea kukosea vilevile.

Lile aliloridhika nalo alilifunga mwenyewe. Aliniambia Idara imepewa likizo. Nilimsindikiza posta, na wakati Bwana Mizani anapima nikaona anwani. Ilikuwa yako. Nikageuka nikasoma tangazo la ukutani kuhusu stempu, nikalisoma lote. Tulipokuwa tunarudi akaniomba nisikuambie. Alitaka likukute tu mlangoni, ulifungue bila ya mimi kuwa katikati. Alisema nimefanya kazi ya ubalozi vya kutosha.

Tangu siku hiyo simu haikumtoka mkononi, maana kila mzigo una namba unayoweza kuufuata nayo. Alinisomea kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Umeondoka. Umevuka. Umefika nchi yao. Umefika mji wake. Hapo ukakaa. Siku zikapita, bado umekaa. Na katika siku hizohizo ndipo uchovu ulipomwanza, miguu ikavimba, tukaenda kupima, tukaambiwa mambo ya figo ambayo yote unayajua, kwa sababu hayo nilikueleza.

Sasa nakueleza ambalo sikukueleza. Alikuwa amelazwa. Nilikwenda kumchotea maji ya kunywa, niliporudi nikakuta ameilaza simu kifudifudi juu ya blanketi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, Baba, amekataa. Nikaichukua nikasoma mwenyewe, na kwenye kioo hapakuwa na maelezo zaidi ya hayo: mpokeaji amekataa, mzigo unarudi. Nilitaka kukupigia palepale. Akanishika mkono akasema una haki yako, kwamba alichokuambia siku ya msiba wa mama si neno la kufutwa kwa birika la chai. Akasema nisikuulize, kwa sababu ukimsamehe kwa kulazimishwa na mimi utakuwa umenifurahisha mimi tu, na yeye atabaki palepale. Nilikubali kwa sababu alikuwa amechoka. Nilidhani akitoka tutalizungumza. Hakutoka.

Umeona basi kwa nini nilinyamaza kwenye simu. Umeniuliza kama alikusamehe. Yeye alikuwa amemaliza kusamehe zamani, na aliondoka akiamini kwamba wewe ndiye uliyekataa kumsamehe.

Tafadhali usiishie hapo. Endelea kusoma, maana hiyo ni sehemu ya kwanza.

Nami niliamini hivyohivyo. Miezi hii yote tangu tumzike nimekuwa na hasira nawe, hasira ambayo sikujua mzazi anaweza kuwa nayo kwa mtoto wake na bado akamwombea usiku. Uliona maziko yake kupitia simu ya jirani, ukalia mpaka sauti ikakatika, nami nilisimama pale nikijiambia kwamba unalia kwa kuchelewa. Kila uliponipigia kuniuliza kama nimekula nilikujibu ndiyo, nimekula, nikatafuta sababu ya kukata. Ulidhani ni majonzi. Yalikuwepo, lakini sababu haikuwa hayo. Sikutaka kusikia sauti yako.

Mwezi huu Bwana Mizani aliniita. Hakusema ni nini, alisema tu nije na mkoba mkubwa. Nilipofika alilitoa boksi kutoka nyuma akaliweka mezani kwa mikono miwili, na hakulipima. Lilikuwa limechakaa, pembe moja imebonyea, limejaa stika za nchi za watu. Nililibeba hadi nyumbani, nikavaa miwani, nikalisoma kama ninavyosoma karatasi ya mtihani, upande baada ya upande.

Fomu ilikuwa ya mwandiko wake. Mtumaji, Udongo na Moto, na sanduku la posta alilokodi kwa ajili ya duka. Jina lake halipo. Jina letu halipo. Aina, bidhaa. Thamani, bei kamili, ile ya wateja. Pembeni yake kuna stika ya posta ya huko uliko, yenye viboksi vya kuwekwa alama. Nilitafsiri neno kwa neno kwa kamusi ya shule. Alama zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema ushuru haukulipwa. Ya pili ilisema mpokeaji hamfahamu mtumaji.

Alama hiyo ya pili niliirudia kwenye kamusi.

Mwanangu, hukukataa kitu cha dada yako. Ulikataa mzigo wa duka usilolijua, uliodaiwa ushuru kwa kitu ambacho hukukiagiza. Uliwahi kunisimulia mwenyewe jinsi matapeli walivyokupata mwanzoni ulipofika huko, ukalipia kifurushi ambacho hakikuwepo duniani. Ulifanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya, na kama ungenipigia kuniuliza ningekuambia ufanye hivyohivyo. Pengine hata hukumbuki siku hiyo. Pengine ilikuwa karatasi iliyosukumwa chini ya mlango, ukaweka alama ukiwa umesimama, ukawahi kazini. Na yeye, mara moja tu maishani alikuwa anatuma zawadi ya kweli, mkono wake ukaandika kile ulichozoea kuandika. Nimelitafuta kosa katika jambo hili tangu hapo, kwa upande wako na kwa upande wake. Nimezoea kusahihisha, na sijapata mahali pa kuweka wino mwekundu.

Nililifungua boksi. Nilijua si langu, lakini nilihitaji kujua kama limevunjika. Halikuvunjika. Limevuka bahari kwenda na kurudi, na halina hata ufa wa unywele. Ni birika la rangi ya moshi, na mpini wake uko ubavu ule usiofaa. Nikalishika kwa mkono wa kulia nikamimina maji, yakanilowanisha. Nikalihamishia mkono wa kushoto, yakaingia kikombeni kama yalivyopangwa. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, na goti langu. Wewe ndiye mwenye mkono wa kushoto katika nyumba hii. Mama yako alikuwa akikupigia kelele mezani kwa sababu kila birika tulilokuwa nalo lilikumwagia. Yale niliyodhani ameharibu, alikuwa akijifunza mkono wako.

Hiyo ndiyo sehemu ya pili, na ndiyo jibu. Sikujua nikupe moja niifiche nyingine vipi. Nilijaribu. Niliandika barua fupi inayosema alikusamehe, alikutengenezea birika, basi. Nikaichana, kwa sababu ungeniuliza kwa nini hukulipata, na ningelazimika kukudanganya kila Jumapili mpaka nife. Utaumia kwa hili. Mimi naumia nalo na bado sijapata namna ya kulipunguza. Lakini usibebe lisilo lako. Hukumkataa. Ulikuwa hujui, na yeye hakujua kwamba hujui, nami niliyekuwa katikati niliambiwa nikae pembeni.

Nisamehe simu zangu fupi. Nakuomba hilo kama mzee wako na kama mtu mzima mwenzako.

Wiki iliyopita nililifunga upya ili nikutumie. Nilifuata kila hatua, nikalipeleka hadi dirishani. Bwana Mizani akanipa fomu. Penye aina nikaandika zawadi. Thamani nikaiacha kwanza, nikarudi juu penye jina la mtumaji. Kalamu ikakwama hapo. Nikiandika langu nasema uongo, kwa sababu si mimi ninayekutumia. Nikiandika lake, hakuna anayetuma. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, na mama mmoja akaniuliza kama nahitaji kusaidiwa kusoma. Bwana Mizani akamwambia kwa ukali asubiri, mzee anafikiri. Halafu akanirudishia boksi bila kuniuliza kitu. Nikarudi nalo nyumbani.

Ulisema karatasi zako zimetoka, na kwamba sasa unaweza kusafiri na kurudi. Hukusema utasafiri kwenda wapi, nadhani kwa kuogopa neno lile uliloambiwa jioni ile. Aliyelisema alilifuta kabla hajafa, nami nimekuonyesha alivyolifuta. Njoo ulichukue birika lako kwa mkono wako. Njoo na mtoto.

Msalimie mkwe wangu, umwambie namshukuru kwa kukukumbusha kunipigia. Najua ni yeye. Mtoto mbusu kwenye paji la uso. Jirani wa chini anakusalimia, na ameniuliza kama utafiti umekwisha. Ningekuambia mwanzoni kabisa kwamba barua hii uisome ukiwa nyumbani na mkeo yuko karibu. Nimelikumbuka sasa nikiwa mwishoni, na sina nguvu ya kuinakili upya. Kama uko kwenye basi au kazini, ikunje, uvute pumzi, uende nyumbani kwanza.

Ni mimi baba yako, nikupendaye.